Kunyamaza si Kutulia

(Haya ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa elimu wa Mikoa ya Iringa na Mbeya.)



Nimeombwa nizungumze juu ya darasa tulivu, darasa ambalo mtoto akiingia ndani yake hujiona amekaribishwa. Huenda wako miongoni mwetu wanaoliona jambo hili kuwa ni anasa, wakati shule zetu bado zina upungufu wa walimu, wa vyoo na wa nyumba za walimu. Mimi silioni hivyo. Taifa hili limetumia nguvu nyingi mno kumleta mtoto shuleni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kuanza shule awe amepata nafasi. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ilifutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ukaanza mwaka uliofuata. Mwaka 2016 elimu bila ada ikafika hadi Kidato cha Nne. Kila mara watoto walikuja kwa wingi, na kila mara sisi watumishi tuliwahesabu na kupeleka takwimu. Lakini yale yanayompata mtoto baada ya kuketi kwenye dawati tumemwachia mwalimu peke yake, tena bila kumwuliza anayamudu vipi.

Mtoto aliyeandikishwa ambaye moyo wake umekwisha kuondoka shuleni, mwili nao haukawii kumfuata. Wenyeji wa Iringa hawahitaji kuelezwa msichana wa miaka kumi na mitatu anayeiacha shule huenda wapi. Wapo watu wanaofika hadi vijijini kutafuta wasichana wa kazi za nyumbani wa kuwapeleka Dar es Salaam, na nauli ya basi hulipwa na hao wanaowachukua. Umaskini ndio unaomtoa mtoto huyo nyumbani. Hilo sote tunalijua. Lakini msichana anayependa darasa lake ni mgumu kushawishika, na mzazi wake naye ni mgumu kushawishika.

Basi tuanze na neno lenyewe, utulivu. Mgeni wa shule aghalabu hupelekwa katika darasa lililo kimya. Watoto sabini wameketi wima, macho mbele, na fimbo iko mezani. Wanasimama kwa pamoja na kusema "Shikamoo mwalimu," na mwalimu huitikia "Marahaba" huku akitafuta chaki. Baadaye anauliza, "Tumeelewana?" Darasa zima linajibu "Ndiyooo!" Mgeni anaandika katika kitabu cha wageni kwamba nidhamu ya shule ni nzuri. Ndugu zangu, ile "ndiyo" ya pamoja haina habari yoyote ndani yake. Watoto wamejifunza kwamba hilo ndilo jibu linalomfanya mwalimu aendelee na kuwaacha salama. Ukimwita mmoja wao ubaoni utaona mkono unatetemeka. Huyo amenyamaza tu, hajatulia. Mtoto aliyetulia huthubutu kusema "sijaelewa", na huo ndio mwanzo wa kujifunza.

Nitasema wazi juu ya fimbo, kwa sababu pakiwa na fimbo ya kutembea nayo darasani, mengine yote nitakayoyataja hayatakuwa na maana. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, pamoja na Kanuni za mwaka 2002 zilizotungwa chini yake, hazikumpa kila mwalimu ruhusa ya kuchapa. Kanuni zimesema viboko visizidi vinne. Mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Na kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Wanaotaka adhabu hii ifutwe kabisa wana hoja zenye nguvu, na mimi ni mmoja wao. Lakini hata anayeitetea hana budi kukiri kwamba fimbo ya kuchelewa, fimbo ya kukosa hesabu, fimbo ya kukosa mchango na fimbo ya darasa zima kwa kelele za watu watatu, zote ziko nje ya kanuni hizo. Ni mazoea yaliyovaa joho la sheria.

Mkoa wa Mbeya unayakumbuka ya mwaka 2016. Oktoba mwaka ule nchi nzima iliona picha za walimu wanafunzi, waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, wakimpiga kwa pamoja kijana wa Kidato cha Tatu ndani ya ofisi ya walimu katika Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya. Serikali ilichukua hatua, na vijana wale wakafukuzwa vyuoni. Yalisemwa mengi juu ya ukatili wao. Machache sana yalisemwa juu ya swali ambalo mimi naliona kubwa zaidi: vijana wale walijifunza wapi kwamba ofisi ya walimu ni mahali pa kufanyia jambo la namna ile? Hawakusomeshwa hivyo vyuoni. Walikuwa wamesoma miaka kumi na zaidi katika shule zetu, na walikuwa wameona. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya vijana wa Tanzania, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au viboko na mwalimu kabla ya kutimiza miaka kumi na minane. Kwa hiyo vyuo vyetu vya Kleruu na Mpuguso, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, vinapompokea mwanachuo, vinampokea mtu ambaye tayari ana picha kamili ya mwalimu kichwani. Kuibadilisha picha hiyo ni kazi nzito kuliko kumfundisha kuandika andalio la somo.

Najua nitajibiwa kwa methali. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Samaki mkunje angali mbichi. Methali hizi ni za kweli, nami nimelelewa nazo. Lakini wala ya kwanza wala ya pili haikutaja fimbo. Anayemkunja samaki mbichi humkunja taratibu, la sivyo atamvunja. Tena tuwe waangalifu tunaposema kwamba kiboko ni mila yetu. Sisemi wazee wetu hawakuchapa watoto, walichapa. Lakini kiboko kama chombo cha utawala, chenye idadi maalumu na mtu wa kusimama pembeni akihesabu, kililetwa na Mjerumani. Watu wa nchi hii walikipa jina, hamsa ishirini, kwa zile fimbo ishirini na tano za adhabu yake. Itakuwa ajabu kubwa ikiwa wajukuu wa watu walioshinda pale Lugalo, Agosti 1891, na wa waliopigana vita vya Maji Maji, watashikilia urithi wa bomani kwa jina la utamaduni wao.

Nyanda hizi zina urithi mwingine juu ya malezi. Huko Rungwe, Wanyakyusa walikuwa na desturi iliyowashangaza wataalamu waliofika kuichunguza miaka ya 1930, akiwamo Monica Wilson aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1951. Wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi waliondoka katika nyumba za wazazi wao, wakajenga vibanda vyao pembezoni mwa kijiji, wakaanza kijiji cha rika lao. Kula, walikula kwa mama zao, lakini walikwenda kwa kundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Walikuwa na neno, ukwangala, maana yake kukaa pamoja kwa furaha na kuzungumza, na waliamini kwamba ni katika kukaa huko ndiko mtu anakojifunza adabu na busara. Asiyejua kukaa na wenzake walimhesabu kuwa mtu ambaye bado hajafunzwa. Sipendekezi tuwarudishe watoto vibandani. Nasema tu kwamba wazo la kuwa mtoto hujifunza vizuri akiwa ndani ya kundi linalompenda halikuletwa na mtaalamu kutoka ng'ambo. Lilikuwa hapo kabla ya shule.

Na mkoloni mwenyewe alipata kulijaribu. Mwaka 1928, huko Malangali, Ofisa wa Elimu aliyeitwa Mumford alifungua shule ya serikali ambayo nyumba zake zilijengwa kwa mtindo wa wenyeji, wazee wa makabila wakaitwa kufundisha mila, na ngoma zikaingia katika ratiba. Tusidanganyike na jambo hili. Nia yake iliendana na siasa ya kutawala kupitia kwa machifu, na shule iliyokusudiwa kumbakiza Mwafrika katika kabila lake haikuwa zawadi. Hata hivyo mtoto wa Kihehe, wa Kibena au wa Kisangu aliyefika pale alimkuta mzee anayejua salamu ya kwao. Leo hii, katika shule zilizo huru, mtoto wa darasa la awali anayetoka katika kijiji kinachosema Kihehe au Kisafwa peke yake anaweza kupita siku ya kwanza nzima bila ya kusikia neno moja analolielewa.

Hapo ndipo pa kuanzia. Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na Kiswahili ndicho kilichotufanya tuwe taifa. Sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini mwalimu aliyetoka Mara au Tanga akapangiwa kazi Kilolo hapungukiwi kitu akijifunza kusema "Kamwene" mlangoni asubuhi. Aliye Rungwe ajifunze "Ugonile". Maneno ishirini yanatosha kwa miezi ya mwanzo: njoo, kaa, usiogope, unaumwa wapi, choo kiko kule. Mtoto akishaona kwamba lugha ya mama yake haichekwi, atakifuata Kiswahili kwa hamu. Kiswahili kinachoanza kwa kuzomewa kitamchukua miaka.

Linalofuata ni jina. Mwalimu mwenye watoto sabini, ilhali kiwango kilichowekwa ni arobaini na watano, ataniambia haiwezekani kuyajua majina yote. Inawezekana, kama tutaacha kuyatafuta katika rejesta na kuyatafuta katika nyuso. Awagawe watoto katika makundi ya saba saba, kila kundi na mahali pake, na kila siku azungumze na kundi moja kwa dakika chache wakati wengine wanaandika. Kwa siku kumi za masomo atakuwa amewafikia wote. Makundi hayo hayo yatamsaidia kugawa vitabu, kufagia na kujua nani hakuja. Zaidi ya hayo, akiuliza swali anyamaze kidogo kabla ya kumteua wa kujibu. Wengi wetu hatuwezi kustahimili ukimya wa sekunde tano. Tunamrukia yule mwenye mkono juu, mtoto yule yule wa jana na juzi, na wale walio nyuma wanajua kwamba somo haliwahusu. Anayekosa jibu asisimamishwe hadi kengele ilie. Asikie jibu sahihi kwa mwenzake, kisha aulizwe tena alirudie, naye aketi akiwa amesema kitu cha kweli.

Kidato cha Kwanza kina shida yake peke yake. Kijana aliyefaulu vizuri Darasa la Saba kwa Kiswahili anaingia sekondari na kukuta masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe na mengine machache, yanafundishwa kwa Kiingereza. Anakuwa bubu ghafula. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mkubwa, na si wa leo. Lakini wakati wakubwa wanaendelea kuujadili, kumvisha kijana kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya Taifa lake ni jambo la aibu, na sijui ni ofisa gani wa elimu anaweza kulitetea hadharani. Mwalimu na amruhusu aulize kwa Kiswahili, amjibu kwa Kiingereza chepesi, na aendelee.

Sasa nigeukie mwili wa mtoto, maana nimekwisha kuona mipango mingi mizuri ya ufundishaji inayosahau kwamba mwanafunzi ana tumbo na ana miguu. Mwezi wa Juni na Julai huku kwetu baridi si mchezo. Katika Mufindi, mahali palipo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mtoto aliyetembea kwenye umande bila viatu hufika darasani vidole vimekufa ganzi, na hawezi kushika kalamu. Madirisha hayana vioo wala mbao. Mwalimu akimwambia mtoto huyo mwandiko wake ni mbaya, anamwonea. Dakika kumi za kuimba na kurukaruka kabla ya somo la kwanza si kupoteza wakati. Ndizo zinazolifanya somo hilo liwezekane. Na Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, bati lisilo na dari hulifanya darasa kuwa ngoma. Mwalimu hupaza sauti mpaka koo linakauka, watoto nao hupaza, na kila mtu huondoka na hasira. Mvua ikianza, mwalimu aache kusema. Awe na kazi ya kuandika, kuchora au kusoma aliyoiweka tayari kwa saa hiyo, kama mkulima anavyoweka kuni ndani kabla ya masika.

Njaa nayo. Iringa inalisha nchi hii mahindi na viazi, lakini utafiti wa afya wa mwaka 2022 uliukuta mkoa huu ukiwa wa kwanza kwa udumavu, ambapo watoto zaidi ya nusu walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Hao ndio wanaokuja kuandikishwa darasa la awali. Mtoto asiyekula tangu jana jioni huwa ama mkorofi ama msinziaji, na hali zote mbili tumezoea kuziita utovu wa nidhamu. Kikombe cha uji saa nne, kilichochangwa na wazazi kwa mahindi ya shamba lao, kimefanya mengi katika shule zinazojua kukisimamia. Pale ambapo mtoto wa mzazi asiyechanga husimamishwa pembeni akiwatazama wenzake wakinywa, uji huo umegeuka adhabu, na afadhali mkuu wa shule atafute njia nyingine ya kumdai mzazi.

Wako pia watoto ambao nyumbani kwao hamna mzazi wa kudaiwa. Matokeo ya utafiti wa mwaka 2022 hadi 2023 yaliweka maambukizi ya VVU kwa watu wazima kuwa takriban asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, na mikoa hii imekuwa juu kwa miaka mingi. Katika kila darasa letu yupo anayelelewa na bibi, yupo anayemeza dawa kila siku, yupo aliyemwuguza mama yake hadi mwisho. Mwalimu hana haja ya kujua siri ya kila mmoja. Anachotakiwa ni kuacha kuuliza mbele ya darasa "Baba yako yuko wapi?", na kuacha kumtuma nyumbani kuleta mzazi mtoto ambaye hana wa kumleta.

Na sasa wapo wanaorudi. Tangu tangazo la Serikali la Novemba 24, 2021, msichana aliyekatizwa masomo kwa sababu ya ujauzito ana haki ya kurejea katika shule ya Serikali. Waraka umefungua mlango wa shule. Mlango wa darasa uko mikononi mwa mwalimu. Msichana huyo anapoingia, wenzake wote humtazama mwalimu kwanza kabla ya kumtazama yeye. Mwalimu akimwita "mama fulani" kwa mzaha, kicheko kimoja kitatosha kumrudisha nyumbani, na hakuna waraka wa pili utakaomleta. Akimwonyesha nafasi yake, akampa daftari la mwenzake anakili masomo yaliyompita, na akamruhusu kuondoka bila maswali kwenda kumnyonyesha mtoto wake, darasa litafuata. Jambo hili, kuliko yote niliyoyataja, ndilo litakalotuonyesha kama tunasema kweli tunapodai kwamba shule ni ya kila mtoto.

Nisingependa walimu waondoke hapa wakidhani nimewatwika wao mzigo wote. Mwalimu anayedai mshahara au stahili zake kwa miezi, anayeishi chumba kimoja kilichoezuliwa na upepo, na anayefokewa na ofisa mbele ya wanafunzi wake, hawezi kuwa na upole wa kumgawia mtoto. Nimepata kusikia maofisa wanaoingia darasani bila hodi na kumsahihisha mwalimu kwa sauti ya ukali. Ofisa wa namna hiyo asishangae mwalimu naye akifanya vivyo hivyo kwa Darasa la Pili mara tu gari likishaondoka.

Kwa hiyo ninyi mlio katika halmashauri na idara, nawaomba mambo ambayo hayangoji mradi wa wafadhili. Wathibiti ubora wa shule wanapofika, wasitosheke na maandalio ya masomo. Wakiombe kitabu cha adhabu, wakisome, na wakikikuta kitupu katika shule yenye fimbo kila meza, waulize. Wakae nyuma ya darasa nusu saa na kuhesabu ni watoto wangapi wamesema neno. Maofisa utumishi waache kuwapanga walimu wapya wa kike peke yao katika shule za mbali, kisha tukalalamika kwamba wanaomba uhamisho. Na bajeti za shule zinapopitiwa, madirisha ya madarasa ya awali, la Kwanza na la Pili yawekwe mbele ya uzio na mbele ya rangi ya ofisi. Mbao zinapasuliwa Mufindi, na mafundi seremala wamo vijijini. Kazi hiyo ikianza Machi, itakuwa imekwisha kabla baridi ya Juni haijaingia.